Kopo la wei bila kubahatisha: mwongozo kamili wa kusoma lebo, kupima skupu na kujua gramu za protini unazopata

Picha ni ile ile kila wiki. Mtu amesimama dukani na kopo mkononi, kapiga picha upande wa mbele wenye misuli na nembo ya dhahabu, kanitumia na swali moja: "Kaka, hii nzuri?" Namwomba aligeuze. Nyuma ndiko kwenye habari, na nyuma ndiko karibu wote wanakokwama. Wanaona namba kubwa ya protini, hawaangalii imepatikana katika gramu ngapi za poda, halafu wakifika nyumbani wanachota skupu isiyofanana kabisa na kilichoandikwa.

Mwongozo huu unashughulikia kazi hiyo moja: kutoka kwenye lebo hadi kwenye glasi, ujue umekunywa nini. Kopo huandikwa "whey". Mimi nitaandika wei, kama tunavyotamka. Ni protini inayotolewa kwenye yale maji ya rangi ya manjano hafifu yanayojitenga maziwa yakigandishwa kutengeneza jibini, ndugu wa maji unayoyaona juu ya mtindi uliokaa. Katika protini yote ya maziwa ya ng'ombe, wei ni kama asilimia 20; iliyobaki ni kaseini. Nasema poda, sisemi unga, kwa sababu ukimwambia askari wa uwanja wa ndege kwamba begi lako lina unga mweupe, shauri yako.

## Mahitaji

- Kopo lenyewe. Kama bado hujanunua, picha zilizo wazi za pande zote, hasa nyuma na chini.
- Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Mizani ya kusimama juu yake haifai kitu hapa.
- Bomba jipya la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, bila sindano.
- Skupu iliyokuja ndani ya kopo, na kisu butu cha kusawazishia.
- Kikokotoo cha simu, daftari, na risiti yenye bei uliyolipa.

Ukikosa mizani, hatua ya 3 haitawezekana, na hiyo ndiyo hatua inayowaumbua wengi. Nunua mizani kabla ya kununua kopo la pili.

## Hatua ya 1: Soma viambato kabla ya namba

Tafuta neno "Ingredients". Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kwa hiyo jina la kwanza ndilo kopo lenyewe. Mengine ni wasindikizaji.

Konsentreti ("whey protein concentrate") ndiyo ya kawaida na ya bei nafuu. Ile nzuri, kabla ya kutiwa ladha, ina karibu gramu 80 za protini katika kila gramu 100. Laktosi, yaani sukari ya maziwa, na mafuta hubaki humo, mara nyingi gramu 4 hadi 8 kwa kila kimoja. Lakini jina hilo hilo linaweza kubeba konsentreti dhaifu yenye protini isiyozidi gramu 35 au 40. Jina peke yake halikulindi. Namba za hatua ya 2 ndizo zitasema.

Aisoleti ("whey protein isolate") imechujwa zaidi: protini gramu 90 au zaidi kwa 100 kabla ya ladha, laktosi na mafuta kama gramu 1 au chini ya hapo.

Haidrolaiseti imekatwakatwa na vimeng'enya ili isagike haraka tumboni. Ni chungu kidogo na ni ghali. Kwa mtu anayekula milo mitatu kwa siku sijaona sababu ya kuilipia.

Ukiona "blend", yaani mchanganyiko, angalia aliyetangulia. Kopo linaweza kuandika aisoleti kwa herufi za kifua mbele, kumbe nyuma konsentreti ndiyo ya kwanza na aisoleti imenyunyizwa tu.

Onyo: jina la kwanza likiwa maltodekstrini (wanga wa kiwandani), unga wa shayiri au sukari, hilo ni gaina, yaani poda ya kuongeza uzito, si kopo la protini. Gaina nyingi hutoa kipimo cha zaidi ya gramu 300, protini 50, wanga karibu 250 na kalori zinazopita 1,200. Kopo langu la kwanza kabisa lilikuwa gaina. Miezi miwili nilitembea nikijisifu kwamba nakula protini, mpaka kitambi kikasema ukweli.

Ukifanikiwa: unaweza kulieleza kopo lako kwa sentensi moja. Kwa mfano: "Ni konsentreti kwanza, aisoleti kidogo, kakao, lesithini, ladha, sukralosi." Lesithini ipo ili poda isishikane madonge, sukralosi na asesalfemu ni vitamu visivyo na kalori za maana. Hivyo viwili visikutishe.

## Hatua ya 2: Geuza kila namba iwe ya gramu 100

Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Tafuta "Serving Size", kipimo cha mara moja, na uangalie gramu zake, usiangalie idadi ya skupu. Kisha:

protini ya kipimo ÷ gramu za kipimo × 100

Kopo la kwanza: kipimo gramu 30, protini gramu 24. Gawanya, zidisha, unapata 80 kwa 100.

Kopo la pili: kipimo gramu 40, protini gramu 22. Unapata 55 kwa 100.

Kopo la tatu linatangaza "gramu 50 za protini!" Kipimo chake ni skupu mbili kubwa zenye gramu 334. Ni 15 kwa 100. Maziwa ya unga yasiyotolewa mafuta, yale ya kopo la kwenye chai, yana karibu 26. Yaani umenunua kitu chenye protini kidogo kuliko maziwa ya chai, ukakibeba kwa mikono miwili.

Namna ninavyoyapanga mimi:

- 85 na kuendelea: aisoleti ya kweli, au isiyo na ladha.
- 70 hadi 84: konsentreti nzuri au mchanganyiko, imetiwa ladha. Makopo mengi mazuri yako hapa.
- 55 hadi 69: uliza kilichojaza nafasi. Inaweza kuwa kakao nyingi, inaweza kuwa sukari.
- Chini ya 55: hicho ni chakula chenye protini ndani yake. Si dhambi, ila usikilipie kama wei.

Makopo yaliyotengenezwa kwa ajili ya Uingereza na Ulaya yana safu ya gramu 100 tayari. Kazi yako imeisha. Ya Marekani mara nyingi hayana, kwa hiyo kokotoa.

Onyo la pili, dogo lakini limewaangusha watu: baadhi ya lebo zina safu mbili, moja ya poda kavu na nyingine ya poda iliyochanganywa na maziwa. Glasi ya maziwa ya mililita 250 inaongeza protini kama gramu 8. Hizo ni za ng'ombe wako, si za kopo.

Ukifanikiwa: daftarini kuna namba moja tu ya protini, nayo inaishia na "kwa 100".

## Hatua ya 3: Pima skupu yako

Skupu hupima ujazo, lebo huandika uzito. Katikati ya hivyo viwili kuna mkono wako. Poda iliyosafiri kwenye kontena imeshindiliwa. Iliyotikiswa leo imefumka. Mmoja anachota skupu ya kusawazishwa, mwingine anachota mlima.

Kwanza hakiki mizani. Weka kikombe kikavu juu yake, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Vuta maji mililita 20 kwa bomba, mimina, fanya hivyo mara tano kwa jumla. Mililita 100 za maji ni gramu 100. Mizani ikisoma kati ya 98 na 102, inafaa. Ikisoma 90, badilisha betri na uweke mezani pasipoyumba, kisha ujaribu tena.

Sasa poda:

1. Tikisa kopo likiwa limefungwa, lipumzike dakika moja.
2. Weka kikombe kikavu kwenye mizani, rudisha sifuri.
3. Chota kama unavyochota kila siku. Usijirekebishe kwa sababu mizani inakuangalia.
4. Mimina, andika gramu. Rudia mara tano, tafuta wastani.
5. Rudia tena mara tano, safari hii ukisawazisha kwa kisu.

Ukipata wastani wa 38 kwenye kopo linaloandika 30, maana yake kopo la vipimo 75 litakuishia baada ya vipimo 59, na kalori zako za kila glasi zimepanda kwa zaidi ya robo. Ukipata 24, ile protini ya gramu 24 uliyokuwa ukiihesabu ni gramu 19. Wa kundi hili la pili ndio wanaoniandikia kwamba "protini haifanyi kazi".

Usishangae pia skupu iliyosawazishwa ikitofautiana na lebo kwa gramu mbili tatu. Hiyo ni kawaida. Ikitofautiana kwa gramu 8, huenda skupu ni ya kopo jingine. Dukani hubadilishwa, na nyumbani watoto huzichezea mchanga.

Ukifanikiwa: umechora alama kwenye skupu kwa kalamu isiyofutika mahali gramu 30 zinapofikia, au umeamua kupima kwa mizani kila siku. Mimi ni wa mizani.

## Hatua ya 4: Pima ukweli wa lebo kwa 4, 4, 9

Gramu moja ya protini ina kalori 4. Ya wanga, 4. Ya mafuta, 9. Kwa hiyo lebo inajikagua yenyewe.

Chukua kipimo chenye protini 24, wanga 3, mafuta 1.5.

24 × 4 = 96
3 × 4 = 12
1.5 × 9 = 13.5

Jumla ni 121.5. Lebo ikiandika kalori 120, hesabu imekubali, kwa sababu viwanda huruhusiwa kukadiria. Tofauti ya 10 isikusumbue, na nyuzinyuzi au baadhi ya vitamu vinaweza kuishusha kidogo. Tofauti ya 40 ni kitu kingine: ama kuna kiambato hakikuandikwa kwenye jedwali, ama jedwali limenakiliwa kutoka kopo jingine. Nimeona zote mbili kwenye vifuko vilivyofungashwa upya mitaani.

Kama lebo imeandika kilojuli peke yake, gawanya kwa 4.184 upate kalori.

Ukifanikiwa: jumla yako na ya kopo zinapishana kwa chini ya kalori 10 kwa kipimo.

## Hatua ya 5: Wanga, sukari na tumbo lako

Chini ya wanga kuna mstari wa sukari, "Sugars", na kwenye makopo ya Marekani kuna wa sukari iliyoongezwa, "Added Sugars". Wa pili ndio muhimu. Sukari ya gramu 1 au 2 kwa kipimo cha konsentreti kwa kawaida ni laktosi ya maziwa yenyewe. Sukari ya gramu 8 haikutoka kwa ng'ombe.

Laktosi ndiyo inayowafanya watu wajae gesi na kuharisha baada ya glasi ya kwanza. Watu wazima wengi katika Afrika Mashariki miili yao imepunguza kimeng'enya cha kuisaga. Jamii zilizoishi na ng'ombe vizazi kwa vizazi, kama Wamasai, wengi wao wamebaki nacho. Hata hivyo usikimbilie kulaumu laktosi. Watu wengi wasioisaga vizuri huvumilia karibu gramu 12 kwa mkupuo mmoja bila shida kubwa, ambayo ni kama glasi moja ya maziwa. Kipimo cha konsentreti kina gramu 1 hadi 2 tu. Ukichanganya na maziwa glasi mbili, basi maziwa ndiyo yaliyokuvuruga.

Jaribu hivi: siku tatu kunywa poda kwa maji matupu, nusu kipimo, baada ya chakula. Tumbo likitulia, ongeza hadi kipimo kizima. Likiendelea kulalamika, nenda kwenye aisoleti. Likilalamika hata kwa aisoleti, angalia vitamu na gundi ya xanthani kwenye viambato.

Onyo kubwa: mzio wa maziwa ni jambo tofauti kabisa na laktosi. Mwenye mzio, anayevimba midomo, kutoka vipele au kubanwa kifua, mwili wake unapigana na protini yenyewe. Aisoleti kwake ni hatari zaidi, kwa sababu protini ndiyo iliyobaki. Asionje.

## Hatua ya 6: Kagua kama protini imechakachuliwa

Hatua hii ni ndefu, na ndiyo inayotenganisha kopo la heshima na uzuri wa mkakasi.

Kipimo cha kawaida cha maabara hakihesabu protini moja kwa moja. Kinapima nitrojeni, kisha kinazidisha: mara 6.25 kwa vyakula kwa jumla, mara 6.38 kwa maziwa. Mantiki yake ni nzuri, kwa sababu protini ina nitrojeni. Shida ni kwamba kila chenye nitrojeni kinajipenyeza kwenye hesabu. Mwaka 2008 nchini China watu walitia melamini, kemikali ya viwandani yenye nitrojeni nyingi, kwenye maziwa kwa sababu hiyo hiyo, ili maji yaliyochanganywa yaonekane yana protini, na watoto wachanga wakaharibika figo.

Kwenye poda za mazoezi mchezo hauui, unakomba mfuko tu. Kiwanda kinatia asidi amino (vile vipande vidogo vinavyounda protini) za bei rahisi, hasa glisini na taurini, au kriatini, kirutubisho kingine cha wanamazoezi chenye nitrojeni. Gramu 1 ya glisini inasomeka kama gramu 1.17 ya protini. Gramu 1 ya kriatini monohaidreti inasomeka kama karibu gramu 1.76. Weka gramu 20 za wei na gramu 3 za glisini, maabara itakusomea 23.5. Lebo inaandika 24 kwa kujikadiria, nawe unashangilia.

Kriatini yenyewe si mbaya, na glisini haina sumu. Ila hazijengi msuli kama protini kamili, na hukuzinunua kwa bei hiyo.

Namna ya kukagua:

Kwanza, rudi kwenye viambato. Ukiona glisini, taurini, glutamini au kriatini zimeandikwa mara tu baada ya wei, kabla ya kakao na ladha, zipo nyingi. Zikiwa mwisho kabisa, ni chembe.

Pili, tafuta jedwali la asidi amino. Soma kichwa chake kwa makini, maana mengine ni ya kipimo kimoja, mengine ya gramu 100 za poda, mengine ya gramu 100 za protini. Wei halisi ina leusini, mojawapo ya asidi amino, gramu 10 hadi 11 katika kila gramu 100 za protini, na glisini chini ya 2 au hapo hapo. Kwa kipimo cha protini 24, hiyo ni leusini karibu 2.5 na glisini karibu 0.4. Glisini ikiwa gramu 2 au 3 kwa kipimo, kopo limejisema lenyewe. Leusini ikiwa gramu 1.5, sehemu kubwa ya hiyo "protini" si wei.

Leusini ndiyo ninayoiangalia kwanza siku zote, kwa kuwa ndiyo inayougonga msuli mlango na kuuambia uanze kujijenga. Wingi wake ndio sababu wei inasifiwa.

Tatu, tazama asilimia ya siku. Kwenye kopo la Marekani, kando ya protini panaweza kuwa na "% Daily Value". Kiwango cha siku ni gramu 50, na sheria inataka gramu zizidishwe kwanza kwa alama ya ubora wa protini. Alama ya wei ni 1, ya juu kabisa, kwa hiyo gramu 24 zinapaswa kuonyesha karibu asilimia 48. Ukiona gramu 24 na asilimia 15, ndani kuna kolajeni au jelatini nyingi, protini za ngozi na mifupa zenye alama ya chini. Nafasi ya asilimia ikiwa tupu, huwezi kuhukumu kwa njia hii. Tumia zile mbili za juu.

Kidokezo cha pembeni: maneno "BCAA gramu 5.5" yaliyoandikwa kwa mbwembwe si zawadi. Ni leusini, isoleusini na valini zilizomo tayari ndani ya zile gramu 24. Usizijumlishe mara mbili.

Ukifanikiwa: una jibu la ndiyo au hapana kwa swali moja tu: je, protini hii yote ni ya wei? Kama kopo halina jedwali la asidi amino na viambato vina glisini juu juu, jibu ni hapana mpaka wathibitishe.

## Hatua ya 7: Madini, haraka haraka

Kipimo kimoja huleta kalisi kama miligramu 100 hadi 150, potasiamu kiasi kama hicho au zaidi kidogo, na sodiamu kati ya 50 na 150. Lebo ya Ulaya huandika chumvi, ya Marekani sodiamu. Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Mwenye shinikizo la damu aangalie zenye ladha ya chokoleti na biskuti, huwa na chumvi zaidi. Nyuzinyuzi ni kama hakuna, vitamini ni kidogo sana. Poda hii haichukui nafasi ya mchicha.

## Hatua ya 8: Tafuta bei ya gramu moja ya protini

Bei ya kopo haikuambii chochote. Nachukua mifano miwili. Weka bei za dukani kwako.

Kopo A: gramu 900, protini 80 kwa 100, shilingi 120,000 za Tanzania. Protini yote ndani ni gramu 720. Gawanya: shilingi 167 kwa gramu.

Kopo B: gramu 1,000, protini 55 kwa 100, shilingi 100,000. Protini yote ni gramu 550. Gawanya: shilingi 182 kwa gramu.

Kopo B ni kubwa zaidi, bei yake ni ndogo zaidi, na bado ndilo la ghali.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa jikoni. Trei ya mayai 30 kwa shilingi 10,000, kila yai protini kama gramu 6: shilingi 56 kwa gramu. Kilo ya maharage makavu kwa shilingi 3,000, protini kama gramu 220: shilingi 14 kwa gramu. Dagaa wakavu, ambao nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, jipigie mwenyewe kwa bei ya soko lako. Protini ya maharage haisagiki tumboni kwa ukamilifu kama ya wei, lakini tofauti ya bei ni zaidi ya mara kumi. Wei unalipia wepesi: haipikwi na inabebeka.

Ukifanikiwa: unaweza kumwambia muuzaji kwamba kopo lake la bei ya ofa ni ghali kuliko lile la juu ya rafu, na kumwonyesha kwa simu.

## Hatua ya 9: Jaza pengo, usijaze kopo tumboni

Mtu mzima asiye wa mazoezi makali anahitaji karibu gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili. Anayepiga chuma au kukimbia kwa bidii, gramu 1.4 hadi 2. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni 56 kwa wa kwanza, na 98 hadi 140 kwa wa pili.

Andika siku yako moja. Mayai mawili, 12. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, 15. Ugali wa gramu 200 za unga wa mahindi, kama 16. Kipande cha samaki cha gramu 100, 22. Glasi ya maziwa, 8. Jumla 73. Kama lengo lako ni 98, pengo ni gramu 25, yaani kipimo kimoja. Skupu tatu kwa siku, kama baadhi ya walimu wa jimu wanavyoagiza, zingejaza pengo ambalo halipo.

Kabla hujachota, hawa wasimame kwanza:

- Mwenye ugonjwa wa figo. Protini ya ziada inaweza kumwongezea mzigo. Daktari wake ndiye anayempangia kiasi.
- Mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto. Waanze na mtaalamu wa lishe wa kliniki. Wei ya kujenga mwili si maziwa ya mtoto mchanga, kamwe.
- Mwanariadha anayepimwa. Wa Iten, Eldoret na Arusha, hii ni yenu: kanuni za kupambana na dawa haramu humwajibisha mwanariadha kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama kilitoka kwenye kopo lililochafuka kiwandani. Nunua lenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, kisha tafuta namba ya toleo la kopo lako kwenye tovuti ya mtoa alama. Alama ya kuchapisha mtu yeyote anaweza kuichapisha.

Na kwa kila mtu: tazama alama ya KEBS ukiwa Kenya, usajili wa TBS ukiwa Tanzania, tarehe ya mwisho, na utepe wa ndani ambao haujafunguliwa. Poda ya kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni haina lebo, na bila lebo mwongozo huu wote hauna pa kushika.

## Hatua ya 10: Changanya na utunze

Maji kwanza, poda baadaye. Ukianza na poda, chini kunabaki tope. Mililita 200 hadi 300 za maji baridi kwa gramu 30, tikisa nusu dakika.

Kwenye uji, subiri upoe kidogo. Wei ikikutana na joto la kama nyuzi 70 na kuendelea huanza kuganda, nawe unakunywa uji wenye vinyuzi kama yai lililovurugwa. Lishe haijapotea, ila mdomo utakataa. Koroga poda kwa maji baridi kidogo pembeni iwe rojo, kisha umimine kwenye uji unaonyweka bila kupuliza. Uji wa ulezi na wei ya vanila vinapatana sana. Ya chokoleti sikushauri.

Poda yenyewe iweke kabatini, pakavu, mbali na jiko. Watu wa Tanga, Mombasa na Unguja mna kazi zaidi kwa sababu ya unyevu: funga kopo mara tu unapochota, usiingize skupu yenye maji, na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kiache humo humo. Usiweke kopo kwenye friji. Kila ukilitoa, umande unaingia ndani. Poda iliyogeuka kahawia, inayonuka kama maziwa yaliyoungua au yenye madonge magumu yenye unyevu, itupe. Kwenye joto na unyevu laktosi hushikana na lisini, asidi amino muhimu, na lishe inashuka pamoja na ladha.

Ikishachanganywa, ihesabu kama maziwa. Nje ya friji kunywa ndani ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, saa moja. Chupa ioshe hapo hapo kwa maji na sabuni, hasa ule mfereji wa ndani ya kifuniko ambamo mabaki hujificha. Ukiisahau kwenye begi kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, usiifungulie ndani ya daladala.